Dirisha la Bi Rangi

Siku Fundi Nondo alipoliziba dirisha la mama yake kwa moto wa mashine, mtaa mzima ulikwisha kujua kabla chuma hakijapoa. Na mtaa haukunyamaza. Yaani yule yule Fundi! Yule aliyekuwa akifukuza wateja wenye pesa zao mkononi kwa sababu tu wanataka grili isiyofunguka! Yule aliyewahi kumwambia Mwenye-Nyumba, tajiri wa vyumba vya kupanga, tena mbele za watu, "Mzee, ukitaka kaburi nenda kwa wachimbaji, mimi natengeneza madirisha"! Leo kapanda juu ya stuli, miwani myeusi machoni, anachomelea bawaba za dirisha la mzazi wake, cheche zinaruka hadi uani kwa jirani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Haya, waache wacheke kwanza.

Nondo si jina alilopewa na wazazi. Alilipata ujanani, alipokuwa akibeba nondo begani kutoka duka la vifaa vya ujenzi, nondo ndefu mara tatu yake, akikata kona watu wote wanainama. Kibanda chake kiko kando ya barabara, kati ya muuza matairi na kinyozi: mabati pande tatu, upande wa nne wazi, mashine ya kuchomelea inanguruma kwenye kona, grainda ya kukatia chuma inaning'inia kwenye msumari, na benchi la mbao lililoungua kila mahali. Macho yake ni mekundu mwaka mzima. Mikono imejaa madoa ya moto, na mkewe akitaka kumtania huyashika moja moja na kumuuliza, "Na hili la lini, mume wangu? Au umejiongezea pambo?"

Kibandani hapo alifanya kazi na mama yake miaka ishirini na nane. Mwana anakata, anaunga, anasugua. Mama anapaka rangi. Wateja walimwita Bi Rangi, naye alilipenda jina hilo kuliko la kuzaliwa. Alikuwa mwembamba, mrefu, mdomo haulali. Akiona mahali mwanawe ameunga vibaya, chuma kimefanya vinundu, alikuwa akisema kwa sauti ili hata muuza matairi asikie, "Endelea tu, baba. Wewe haribu, mimi niko hapa kuficha aibu yako." Na kweli aliificha. Brashi yake ilipita mara mbili, vinundu huvioni tena.

Kulikuwa na jambo moja la kazi ambalo hakumwachia mtu mwingine, nalo ni makomeo. Komeo la chuma ukilipaka rangi ukaliacha, rangi inakauka nalo linaganda. Mteja akifika kwake halisogei mpaka kwa nyundo. Kwa hiyo Bi Rangi akishapaka, alikaa na kila komeo mapajani, anafungua, anafunga, anafungua, anafunga, mara thelathini, mara arobaini, mpaka rangi ikauke huku chuma kinacheza. Mdomo unapiga soga na kinyozi, macho yako barabarani, vidole vinafanya kazi peke yao. Hakuna komeo lililotoka kibandani pale bila kupita kwenye vidole vile.

Sasa, tuje kwenye moto uliomfanya Fundi achukie grili zisizofunguka. Kulikuwa na nyumba ya ghorofa mbili ya wapangaji, si mbali, na grili za madirisha yake yote zilitoka kwa Fundi. Zilikuwa grili za enzi zile, vyuma vinene vilivyozamishwa kwenye ukuta kwa zege, mwizi akiziona anarudi alikotoka. Alfajiri moja umeme ukapiga shoti kwenye ngazi, ngazi ikashika moto, na watu wa juu wakakimbilia madirishani. Walikufa saba. Asubuhi Fundi na mama yake walienda kuangalia, wakakuta ukuta mweusi na grili zimesimama wima zote, isipokuwa moja iliyopinda kidogo tu, mahali walipovuta kwa mikono. Bi Rangi alikaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, gauni lake na vumbi lote. Akasema, "Mwanangu, tumefanya kazi nzuri mno."

Palikuwa na mwanamke mmoja pale, wa ofisi ya usalama wa majengo, ameshika daftari anaandika majina ya waliokufa. Fundi alimfuata akamwambia, "Grili hizo ni zangu. Niandike." Yule mwanamke alimtazama sana. "Nikuandike kwa kosa gani? Hukuvunja sheria, Fundi. Sheria yenyewe haipo."

Mwaka uliofuata ikaja. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye grili inayofunguka kwa ndani, bila ufunguo, bila kifaa, kwa mkono mmoja. Jamani, kelele zake! Watu walipandisha, wakashusha. Nyumba nimejenga mwenyewe, kwa jasho langu, leo niambiwe dirisha langu lifunguke vipi? Na mwizi akija, serikali italala kwangu? Mwenye-Nyumba ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, na ndiye aliyebuni ujanja: unamwita fundi aweke bawaba na komeo, mkaguzi anakuja anapima, anatoa cheti, anaondoka, halafu kesho yake fundi anarudi na mashine, anachomelea bawaba, mambo yamekwisha. Mafundi wengi walikula pesa mara mbili kwa njia hiyo. Fundi Nondo alikataa katakata. Aliitwa Wakili wa Moto, akaitwa Bwana Cheti, wateja wakapungua, mkewe akanuna, hakutetereka. Na yule mwanamke wa daftari, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Mkaguzi wa eneo lile, akipita kibandani alikuwa akisimama kunywa maji na kumwuliza Bi Rangi hali.

Hali ya Bi Rangi ilianza kubadilika polepole, na mwanzoni walicheka. Alipaka grili moja mara tatu kwa siku moja. Alimwita kinyozi kwa jina la marehemu mumewe, na kinyozi, mtu wa mzaha, akaitikia. Baadaye akaanza kuuliza njia ya kurudi nyumbani, mwendo wa dakika kumi alioutembea miaka yote. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa kusahau, haurudi nyuma, unaenda mbele tu. Wakampa mkewe Fundi karatasi yenye maelezo: asiachwe peke yake.

Asiachwe peke yake! Ni rahisi kuandika. Mke wa Fundi anafua mashuka ya hospitali, anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa kumi jioni, akikosa siku mbili nafasi yake ina watu ishirini wanaisubiri. Watoto wao wawili wameshaoa na kuolewa, wako mbali na maisha yao. Fundi naye akikaa nyumbani, chakula kinatoka wapi? Walimpata mama mmoja wa kumwangalia, akakaa wiki mbili, akaingia mitini baada ya Bi Rangi kumpiga kwa sufuria akidhani ni mwizi. Wa pili hakumaliza hata siku tatu. Fundi akajaribu kwenda naye kibandani kama zamani. Siku ya kwanza akatulia. Siku ya pili akashika kwa mkono mtupu chuma kilichotoka kwenye moto muda huo huo, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Fundi alilia kuliko yeye.

Ofisi ya ustawi wa jamii pia alikwenda. Kuna nyumba moja ya kutunza wazee, wakamwambia, tena nzuri, ina wauguzi. Jina la mama yake likaandikwa kwenye orodha. Aliuliza ni la ngapi, karani akahesabu kwa kalamu ukurasa baada ya ukurasa, mpaka Fundi akamwambia aache.

Dada mtu naye, anayeishi mbali na mwenye ushauri kuliko daktari, alikuwa akipiga simu kila Jumapili. "Mama asifungiwe ndani kama kuku, kaka. Ni binadamu yule." "Basi njoo ukae naye." "Mtandao unakatikakatika," anasema dada, na simu inakatika kweli.

Kwa hiyo walimfungia mlango. Kufuli kwa nje, chakula mezani, maji kwenye jagi la plastiki, dirisha la chumbani na komeo lake la kisheria. Hawakuliwazia hilo dirisha. Mwanamke wa miaka sabini na nne, magoti yanalia, atapanda dirisha kweli?

Alipanda. Siku ya nne tu. Walimkuta barabara kuu, katikati kabisa, amechutama kwenye mstari mweupe, anaukwangua kwa ukucha na kulalamika kwamba huyu aliyepaka hapa hakusugua kwanza. Lori la mchanga lilikuwa limesimama hatua moja kutoka alipo. Dereva wake, mtu mzima mwenye kitambi, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, hawezi hata kutukana. Alimwambia Fundi, "Mzee, breki hizi nilizibadilisha jana. Jana!" Akarudia hivyo mara nne au tano.

Jioni hiyo Fundi hakula. Alfajiri akaileta mashine nyumbani kwa mkokoteni, akaichomeka kwenye umeme wa jirani, akaziba dirisha. Bawaba zote tatu, na komeo juu yake. Mkewe alisimama mlangoni na kitambaa cha kufulia mkononi. "Baba," alimwambia, "wewe ndiye wa kufanya hivi?" Akajibu bila kuvua miwani, "Ndiyo. Mimi ndiye."

Hapo ndipo mtaa ulipocheka. Na Mwenye-Nyumba hakuishia kucheka. Alikuwa ametozwa faini kwa madirisha yaliyozibwa ya vyumba vinane mwaka ule, na hakusahau ni nani aliyemkatalia mbele za watu. Akavaa shati safi, akaenda ofisini mwenyewe, akatoa taarifa. Ati yeye ni raia mwema.

Mkaguzi alifika siku ya tatu. Si mtu wa kupiga makelele. Ana mkoba mzito begani na miguu inayomuuma, akiingia kwa mtu anaomba kiti kwanza. Lakini alipoingia chumbani kwa Bi Rangi hakuomba kiti. Alipitisha kidole kwenye bawaba zilizoungana, akageuka.

"Fundi. Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Ulikuwapo. Mimi na wewe tulisimama pale. Ulitaka nikuandike."

"Nilikuwapo, dada. Na juzi nilikuwapo barabarani pia. Hukuliona lile lori wewe."

"Na moto ukizuka humu, mlango una kufuli kwa nje, mama anatokea wapi?"

"Na moto usipozuka? Sheria yako inaniambia niliache wazi kwa moto ambao labda hautakuja maisha yake yote, na barabara ipo pale kila siku, dada, kila siku, malori yanapita tangu asubuhi. Unipe hesabu yake hiyo. Mimi nimeshindwa."

Bi Rangi alikuwa amekaa kitandani, anawatazama mmoja baada ya mwingine kwa adabu, kama mgeni kwenye ugomvi wa wenye nyumba. Mkaguzi akashusha sauti. "Wale saba kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutaka chuma kisichofunguka. Walikuwa wanaogopa wezi, na wezi walikuwapo kweli. Nikikuruhusu wewe kwa sababu ya mama, kesho jirani yako ataniambia ana mtoto mtundu, keshokutwa mwingine ana mke mkorofi. Nitamkatalia nani?"

"Mimi si jirani. Mimi unanijua."

"Ndiyo maana inaniuma," alisema Mkaguzi, na ilimuuma kweli, machozi yalimlenga. Lakini aliandika. Siku saba dirisha liwe linafunguka, bila ufunguo, bila kifaa, kwa mkono mmoja. Lisipofunguka, kesi itakwenda mahakamani, na leseni ya kibanda itachukuliwa. Alimwachia karatasi mezani, akaiwekea jagi la maji juu yake isipeperuke.

Bila leseni hakuna kibanda, na bila kibanda hata dawa za mama hazinunuliki. Fundi hakuwa na njia. Kesho yake akakata alichounga, cheche zikaruka tena uani kwa jirani, na mtaa ukacheka mara ya pili. Ila safari hii alikuwa na wazo, na lilimpa matumaini kiasi kwamba alipiga mluzi. Sheria inataka mkono mmoja, bila ufunguo. Haisemi komeo liwe rahisi. Basi atatengeneza komeo la akili: unalibonyeza chini kwanza, halafu unalizungusha kushoto, halafu ndipo unalivuta. Mtu mzima mwenye akili zake anafungua kwa mkono mmoja, hata kwenye moshi, akishaonyeshwa mara moja. Mama aliyesahau jina la mwanawe ataweza wapi? Alilitengeneza kwa siku nzima, akalipiga rangi, akalifunga dirishani, akalijaribu mara kumi. Mkewe akalijaribu, akahangaika, mpaka akaonyeshwa. Wakacheka. Usiku huo walilala.

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa, kosa la Fundi mwenyewe, ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Bonyeza, zungusha, vuta: ujanja huo hakuubuni siku ile. Mkono wake ulikuwa umeutoa kwenye mageti ya zamani, ya miaka kumi na tano nyuma, aliyowatengenezea watu wa maghala. Yeye alisahau. Mageti yale yalikuwa mengi, na komeo la kila moja lilikaa mapajani mwa Bi Rangi, mara arobaini, mpaka rangi ikauke.

Siku ya tatu ya zile saba, Fundi alirudi saa sita mchana kumpa mama chakula. Akafungua kufuli, akaita. Chumba kitupu. Dirisha liko wazi, komeo limevutwa vizuri, halikulazimishwa hata kidogo. Alikimbia mpaka barabara kuu, hayupo. Alikimbia mpaka sokoni, mpaka kituo cha polisi, mpaka kwenye machimbo ya mchanga. Muuza matairi alifunga duka, kinyozi aliacha mtu nusu kanyolewa, wote wakatafuta. Hata baadhi ya waliocheka walitoka.

Hakuonekana siku hiyo. Hakuonekana ya pili. Asubuhi ya tatu wafagiaji wa barabara wakamkuta kwenye mtaro wa maji ya mvua upande wa pili wa mji, maji yanamfika kiunoni, mguu umevimba, uso una mkwaruzo mrefu. Viatu vyake vilikuwa vimechukuliwa, na hereni, sikio moja limechanika. Mtu aliyemvua hereni mama yule hakumtoa hata kwenye maji. Fundi alimbeba mgongoni kutoka mtaroni hadi kwenye gari la hospitali, naye njia nzima alikuwa anamshukuru. "Asante, kijana. Mungu akulipe. Wazazi wako wamekulea vizuri."

Hospitali walimfunga bandeji, wakamrudisha. Kitanda ni cha wagonjwa wanaopona, wakasema.

Sasa fikiria wewe nyumba ile. Mke amekwisha kosa siku mbili kazini, ameambiwa ya tatu asirudi kabisa. Fundi ana siku moja kabla ya Mkaguzi. Akiziba dirisha, kibanda kinakwenda. Akiacha dirisha, mama anakwenda. Komeo jingine? Alikaa mezani na kipande cha chaki, anachora makomeo juu ya ubao, anafuta, anachora. Kila alilochora alijiuliza kama aliwahi kulitengeneza. Na kila alilowahi kulitengeneza lilikuwa kwenye vidole vya mama yake. Akatupa chaki.

Mkewe ndiye aliyechana shuka. Tuseme ukweli, ndiye, na hakuna anayeweza kumlaumu bila kuona haya. Alichukua shuka lao la harusi kwa sababu ndilo laini kuliko yote, akalichana vipande virefu, akavikunja mara tatu ili visikate ngozi. Wakamzungushia Bi Rangi kiunoni, juu ya gauni, ncha nyingine wakaifunga kwenye chuma cha kitanda, nyuma, asikofika. Akaachiwa urefu wa kufika kwenye ndoo na kwenye meza ya maji. Dirishani hafiki, zinabaki hatua mbili. Fundi alipima kwa futi yake ya kazi. Bi Rangi aliinua mikono yake wapitishe kitambaa, akidhani anapimwa nguo. "Isinibane," alisema. "Nataka ya kuendea harusini."

Mkaguzi alifika kibandani siku ya nane saa nne asubuhi. Hakukaa. Wakaongozana hadi nyumbani, mwendo wa dakika kumi, wakizungumzia mvua. Fundi akafungua kufuli.

Dirisha lilikuwa linang'aa, komeo la akili limetolewa na la kawaida limerudishwa. Mkaguzi alilifungua kwa mkono mmoja, akalifunga, akalifungua tena. Bawaba zimetiwa mafuta, komeo linateleza bila sauti. Akatoa fomu mkobani, akaanza kuweka alama kwenye vijisanduku, na katika kugeuka atafute mahali pa kuegemeza karatasi ndipo alipokiona kitambaa.

Alikifuata kwa macho, kutoka kiunoni hadi kwenye chuma. Kalamu ikasimama.

"Fundi, hii nini?"

"Dirisha linafunguka au halifunguki?"

"Nimekuuliza hii nini."

"Nami nimekuuliza dirisha."

"Linafunguka," alisema Mkaguzi polepole. "Na moto ukija, huyu atafikaje hapa?"

"Hafiki." Fundi aliketi kwenye ukingo wa meza. "Nimekuwekea dirisha zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na mama yangu hafiki. Andika hilo. Andika, dada, nimechoka mimi, andika kila kitu."

Mkaguzi aliipitia fomu mbele na nyuma, na Fundi alimwona anaitafuta sehemu hiyo kwa dhati. Kulikuwa na ukubwa wa dirisha, urefu kutoka sakafuni, aina ya komeo, idadi ya watu wanaolala chumbani. "Haina mahali pake," alisema mwishoni. "Kumfunga mtu ni kosa la polisi, si la ofisi yangu. Nikiwaita watakuchukua wewe leo hii. Halafu yeye atabaki na nani?"

Nje kulikuwa na watoto wanacheza, mpira unagonga ukuta wa jirani. Mkaguzi akatoa cheti, akaandika tarehe, akatia sahihi, akagonga muhuri juu ya goti lake. Alikitoa cheti kwenye mkono wake kana kwamba kinamchoma, akakiweka mezani, hakukiwekea kitu juu. Kisha akaenda kusimama mlangoni na kuwapa mgongo.

Bi Rangi alikuwa ameyasikiliza yote. Alimpungia Fundi mkono amsogelee, naye akasogea, akapiga magoti kando ya kitanda. Mama akamshika mkono wenye madoa ya moto kwa mikono yake yote miwili, akamwinamia sikioni ili yule mwanamke wa mlangoni asisikie.

"Kijana, wewe una sura ya huruma. Hawa watu wamenifunga, unaona? Sijui nimewakosea nini. Nifanyie hisani. Nenda kule barabarani, ulizia kibanda cha kuchomelea vyuma, hapo kwa muuza matairi. Yuko mwanangu. Mwambie mama yake amefungwa. Mwambie hivyo tu. Akisikia atakuja mbio anifungue."

"Nitamwambia, Mama," alisema Fundi.

"Usichelewe."

"Sichelewi."

Akamjazia maji, akamsogezea bilauri pale anapofika. Akatoka, akatia kufuli, akarudi kazini, kwa sababu kulikuwa na mteja anasubiri grili yake tangu asubuhi.